Milima yenye jina la theluji: ipi ni ya kweli, ipi inasingiziwa?

Mwl_Njoro aliuliza:

Habari zenu wadau. Klabu ya jiografia hapa Njoro inatengeneza bango la karatasi ya manila: ramani ya dunia, na juu yake milima na mahali palipopewa jina kwa sababu ya theluji. Wanafunzi ni wa Gredi ya 8. Orodha waliyoleta ni hii: Himalaya, Sierra Nevada, Snowdon, Mont Blanc, Ben Nevis, Karakoram, Dhaulagiri, Kangchenjunga, Kilimanjaro, Mlima Kenya, jimbo la Nevada kule Marekani, na kisiwa cha Nevis kule Karibi.

Nina maswali matatu. Mosi, yapi kati ya hayo yana theluji ndani ya jina lenyewe? Pili, kwa Kiswahili tuandike theluji au barafu? Tatu, mwanafunzi mmoja kauliza mbona Elgon, mlima mkubwa vile, haukai na theluji, ilhali Snowdon ambao ni kilima tu umeitwa kwa theluji. Chini ya kila jina kuna nafasi ya mistari miwili, kwa hiyo nahitaji kilicho hakika.

---

Koitobos alijibu:

Mwalimu, kabla hujagusa kalamu igawe orodha mafungu matatu: majina ya theluji, majina ya weupe, na majina yanayofanana kwa sauti tu. Mabango ya aina hii huharibika kwa kuchanganya mafungu mawili ya kwanza, halafu la tatu linapenya kimyakimya.

Theluji halisi: Himalaya ni Kisanskriti, *hima* ni theluji na *alaya* ni makao. Kangchenjunga (mita 8,586, wa tatu duniani) ni Kitibeti, na ndilo jina tamu kuliko yote kwenye orodha yako: theluji, kubwa, hazina, tano, yaani hazina tano za theluji kuu. Silabi ya kwanza ndiyo theluji. Ukishaijua utaikuta kwingine ikiandikwa kwa g: mlima Kailash, wenye mita 6,638, Watibeti huuita Gang Rinpoche, mlima wa thamani wa theluji. Sierra Nevada ni Kihispania: *sierra* ni msumeno, yaani safu ya vilele vyenye meno, na *nevada* ni iliyofunikwa theluji. Snowdon ni Kiingereza cha kale, kilima cha theluji.

Hapo pa Snowdon usimame kidogo. Wenyeji wa Wales huuita Yr Wyddfa, na jina hilo linahusu kaburi, halina theluji ndani yake. Theluji ni ya Waingereza waliouona kwa mbali, umeng'aa wakati wa baridi. Tangu 2022 mamlaka ya hifadhi ya pale hutanguliza jina la Kiwelisi. Mistari yako miwili itoshe kuyataja yote mawili.

Weupe, si theluji: Mont Blanc ni mlima mweupe tu. Dhaulagiri (mita 8,167) vilevile, *dhavala* ni -eupe na *giri* ni mlima. Mauna Kea kule Hawaii ni mlima mweupe. Na Kilimanjaro kwa Kimaasai ni Ol Doinyo Oibor, mlima mweupe. Weupe huo umeletwa na theluji, ndiyo, lakini neno lenyewe halijaitaja. Wapake watoto rangi tofauti: buluu kwa theluji, na kwa weupe duara lisilopakwa kitu.

Jina lenyewe la Kilimanjaro lina tafsiri nyingi zinazopingana kuhusu hiyo *njaro*. Usiandike "kilima cha weupe" kana kwamba limethibitishwa. Andika Ol Doinyo Oibor, hilo halina ubishi.

Sauti tu: Karakoram. Kwa Kituruki *kar* ni theluji, na hapo ndipo watu hujikwaa, maana *kara* ni -eusi. Karakoram ni changarawe nyeusi, ingawa K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, imo humohumo na barafuto zake (mito ya barafu inayosogea polepole) ni miongoni mwa ndefu kabisa nje ya ncha za dunia. Ben Nevis nao utoe: ni Kigaeli, Beinn Nibheis, haukopi chochote kwa Kihispania.

---

Nam_Lolwe alijibu:

Niongeze kuhusu Nevis na Nevada, maana zinafanana na hazikupata jina kwa njia moja.

Kisiwa cha Nevis hakijawahi kuwa na theluji. Kilele chake ni mita 985 kwenye bahari ya joto. Jina ni Nuestra Señora de las Nieves, Mama Yetu wa Theluji, likakatwa mpaka likabaki neno la mwisho. Wakatoliki wataijua sikukuu yake, tarehe 5 Agosti, inayotokana na masimulizi ya theluji kuanguka Roma katikati ya kiangazi, palipo Basilika ya Maria Mkuu. Mawingu meupe hukaa juu ya kilele hicho karibu kila siku, ndiyo yanayotajwa kuwa sababu ya Wahispania kukumbuka jina hilo.

Nevada ni jina la kuazima: safu ya Sierra Nevada iko hasa California, na jimbo la jirani likachukua nusu ya jina lilipoundwa, likawa jimbo kamili mwaka 1864. Ndilo jimbo kavu kuliko yote Marekani. Tena ile Sierra Nevada ya California nayo imefuata ya Uhispania, yenye kilele cha Mulhacén, mita 3,479. Kwa hiyo kwenye ramani chora mshale: Uhispania, California, Nevada. Mshale huo unafundisha kuliko maelezo.

Sasa theluji na barafu. Andika theluji. Ni Kiarabu, *thalj*, na neno hilohilo limo kwenye mlima Hermoni, mita 2,814, ambao kwa Kiarabu huitwa pia Jabal al-Thalj. Huo uingizeni kwenye bango, Mwalimu. Mtoto ataona neno lake mwenyewe juu ya mlima wa mpaka wa Lebanoni na Siria.

Barafu ni Kiajemi, *barf*, na kule maana yake ni theluji. Lilipofika pwani yetu likahamia kwenye maji yaliyoganda: ya friji, ya kupozea samaki hapa Kisumu, na ile ya juisi kwenye karatasi ndefu ya nailoni ambayo watoto hung'ata ncha na kunyonya wakitoka shule. Kwa hiyo mtoto akisoma "mlima wa barafu" anaona kitu kigumu kinachoteleza, si kile kinachoanguka laini kama pamba. Msitupe barafu lakini. Muztagh Ata, wa mita zaidi ya 7,500 magharibi mwa China, ni baba wa milima ya barafu, *muz* ni barafu kabisa. Na kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopitia njia ya Machame, ni Kiswahili safi.

Sakitu ni ule umande ulioganda asubuhi juu ya nyasi, na mvua ya mawe ni mvua ya mawe. Kilichoonekana karibu na Nyahururu mwaka 2008, mashamba yakawa meupe na watu wakasema theluji imefika, ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana. Wakikuyu wana *mbura ya mbembe*, mvua ya mahindi, na kweli ukiokota punje hizo zinafanana na mahindi. Kijaluo ni *pe*, na neno hilo limebeba theluji pia.

---

Mwl_Njoro:

Nashukuru sana. Karakoram na Ben Nevis zimetoka. Mlima Kenya nao niuweke fungu gani? Na lile swali la Elgon bado.

---

Koitobos:

Mlima Kenya si theluji wala weupe. Ni madoa. Krapf, mmisionari Mjerumani, aliuona Desemba 1849 akiwa Ukambani na kuandika jina alilolisikia huko, Kiinyaa, ambalo kwa kawaida huhusishwa na mbuni dume: manyoya meusi yenye nyeupe, kama mwamba uliopasuliwa na theluji. Wamaasai husema Ol Doinyo Keri, mlima wenye mabaka. Mpe mbuni duara lake la nusu nyeusi nusu nyeupe.

Kwa Elgon, hesabu wanaweza kuifanya wenyewe ubaoni. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto ni nyuzi 23 hivi za Selsiasi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5. Gawa 23 kwa 6.5, unapata 3.54, yaani mita 3,540 juu ya Kisumu. Jumlisha 1,130: sifuri iko karibu na mita 4,670. Kilele cha Wagagai, cha juu kabisa Elgon, ni mita 4,321. Wastani wake unakuja nyuzi 2 na ushee. Kwa hiyo usiku panaganda, sakitu ipo, mvua ya mawe na hata theluji huanguka, lakini jua la asubuhi linamaliza kila kitu. Mlima Kenya, mita 5,199, unapata karibu nyuzi 3.4 chini ya sifuri, ndiyo maana barafuto zimeweza kukaa, ingawa sasa zimebaki vipande.

Mahali wanafunzi wanapokosea: wanazidisha 6.5 kwa kimo chote cha mlima badala ya tofauti kati ya mlima na kituo cha chini. Ukianzia Nakuru, tumia mita 1,850 na joto la Nakuru, usichanganye la Kisumu. Pia hiyo 6.5 ni wastani; siku kavu hushuka kwa kasi zaidi.

Snowdon ni mita 1,085. Yaani kilele chake kiko chini ya uso wa ziwa hapo Kisumu! Tofauti ni latitudo: uko nyuzi 53 kaskazini, na joto la kuanzia huko pwani wakati wa Januari ni nyuzi 5 au 6 tu. Fanya safu moja zaidi kwenye bango, "ungekuwa wapi Kenya". Sněžka, mlima mrefu kuliko yote Cheki na jina lake ni theluji tupu, una mita 1,603, mko juu yake hapo Njoro. Kosciuszko kwenye Milima ya Snowy, Australia, una mita 2,228. Molo mjini ni juu kuliko hapo.

---

Mau_Juu alijibu:

Afrika imesahaulika. Rwenzori: Wakonzo huita theluji *nzururu*, na milima hiyo Rwenzururu, mahali pa theluji. Kilele ni mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kusini kuna Sneeuberge, milima ya theluji kwa Kiafrikana, karibu na Graaff-Reinet. Hiyo hupata theluji miezi ya Juni hadi Agosti, kwa hiyo usiipake kama ya kudumu.

Na kama kuna nafasi pembeni, wekeni visa viwili vya watu waliokataliwa. Mwaka 1623 Mholanzi Jan Carstensz aliripoti barafu juu ya milima ya Nyugini, karibu kabisa na ikweta, akachekwa Ulaya. Alikuwa ameona sawa: Puncak Jaya ni mita 4,884. Miaka zaidi ya 200 baadaye, Mei 1848, mmisionari Mjerumani Rebmann aliona Kilimanjaro, na mwanajiografia wa London, Cooley, akamkana. Aliyemwongoza Rebmann hakuwa na jina la kile cheupe. Alikiita *baridi* tu. Hilo linajibu kwa nini majina mengi ya huku ni ya rangi na madoa kuliko theluji yenyewe.

Jambo la uchapaji: majina kama Sněžka na Snæfellsjökull (mlima wa Aisilandi) ukiyapeleka saiba kwa faili la kawaida, kompyuta isiyo na fonti hiyo itatoa vijisanduku mahali pa ě na æ. Hifadhi kama PDF ukiwa kwako, fungua kwenye simu uhakikishe, kisha ndipo upeleke.

---

Mwl_Njoro:

Sawa. Kadi ya kwanza nimeiandika hivi, nikosoeni: "Mlima Sierra Nevada, Uhispania. Maana: mlima wa theluji. Kimo: mita 3,479."

---

Nam_Lolwe:

Toa "Mlima", ni safu, na *sierra* imeshabeba maana hiyo. Kimo ni cha Mulhacén, kitaje. Iwe: "Sierra Nevada, Uhispania. Safu iliyofunikwa theluji. Kilele Mulhacén, mita 3,479." Angalia pia kadi ya Himalaya msiandike "Mlima Himalaya", na Snæfellsjökull msitangulize neno lolote: *snæ* theluji, *fell* mlima, *jökull* barafuto, vyote vimo ndani.