Kibao cha kumbukumbu kwenye nyumba aliyozaliwa mshairi: tuanzie wapi?

Mwanakamati
Wakuu, heshima kwenu. Kamati ya mtaa wetu hapa Kariakoo inataka kuweka kibao kwenye nyumba aliyozaliwa mshairi mmoja marehemu. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi anashauri bamba la shaba libanwe kwa saruji. Ni sawa? Na tuandike nini?

Mnyaraka
Fundi asubiri kwanza. Thibitisheni hilo neno "alizaliwa". Shaaban Robert alisoma Dar, lakini alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909. Kezilahabi alifundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwao ni Ukerewe. Kibao cha Dar kingesema "alisoma" au "alifundisha", wala si aibu.

Kuhusu nyumba, fuateni namba ya kiwanja na kitalu, msitegemee jina la mtaa. Kichwele ya kwenye barua za kale ndiyo Uhuru ya leo. Wazee wahojiwe mmoja mmoja. Kwenye kikao, wa kwanza akionyesha nyumba, waliobaki huitikia tu.

Maneno yasizidi 20: jina, miaka, fani, uhusiano wake na nyumba. "Gwiji asiye na mfano" inakula nafasi bure.

Nondo_na_Chokaa
Saruji hapana! Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma lipu, na kibao kinaanguka nayo. Shaba nayo kwa hewa ya bahari hutoa michirizi ya kijani ukutani, kama haijawahiwa na watu wa vyuma chakavu.

Chukueni stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, unene milimita 3. Ile ya 304 ni rahisi zaidi, ila karibu na bahari hutoka madoa ya kahawia. Herufi zichimbwe na kujazwa rangi. Stika hupauka kwa jua. Herufi zikiwa na kimo cha milimita 20 zinasomeka vizuri toka barabarani.

Bolti nne za milimita 8, nazo stenlesi. Bolti ya chuma cha kawaida ikishika kutu huvimba na kupasua jiwe. Toboeni kina cha sentimita 8 bila kuwasha hama (mgongo) ya drili, maana matumbawe humeguka. Pulizeni vumbi lote litoke ndipo mtie gundi ya epoksi, la sivyo itashika vumbi badala ya jiwe. Nyuma ya kibao acheni nafasi ya milimita 10 maji yapite.

Mwanakamati
Ahsanteni sana. Tatizo ni kwamba nyumba ni ya mirathi na mrithi mmoja hajakubali.

Mnyaraka
Basi msitoboe. Pelekeni kibao shule aliyosoma, maneno yabadilike kufuata mahali. Mkitaka nguzo kando ya barabara, hiyo ni hifadhi ya barabara: anzeni na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barua ya serikali ya mtaa iseme wazi kuwa si tangazo la biashara.

Warithi wakikubaliana baadaye, andikianeni nani atakichukua nyumba ikiuzwa au ikibomolewa. London kibao cha kwanza, cha mshairi Mwingereza Byron, kiliwekwa 1867. Nyumba ikavunjwa 1889 nacho kikapotea nayo. Na Kariakoo ya leo ghorofa haziulizi.