Mama ametulia kwa dawa, lakini sasa hawezi kutembea

Binti wa Umoja
Hamjambo. Mama ana miaka 78, na huu ni mwaka wa tatu wa ugonjwa wa kusahau. Naishi naye Umoja, Nairobi, ghorofa ya pili. Shida yetu ilikuwa jioni. Ikifika saa kumi na mbili anafunga leso kiunoni, anataka kurudi kwao Mwala akakamue ng'ombe ambao waliuzwa zamani. Nikisimama mlangoni ananipiga na kuniita mwizi.

Kliniki moja ikampa haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, asubuhi na usiku. Siku ya tatu kelele zikaisha, na mimi nikalala kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Sasa ni wiki ya tatu. Anaburuta miguu, mkono wa kulia unatetemeka, mate yanamtoka, uso umekakamaa, hata chai inampalia. Jumanne alianguka akienda choo. Niliporudi kliniki wakamwongezea benzheksoli ya kulegeza mwili, na tangu hapo anaongea na watu walio ukutani. Huu ni ugonjwa unaozidi au ni dawa? Naogopa kumwachisha, naogopa kuendelea kumpa.

Nesi Mstaafu
Pole sana, binti yangu. Kutetemeka, mate, kuburuta miguu: hayo ni madhara ya haloperidoli yanayojulikana. Inazuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, ndiyo maana mzee anakuwa kama mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Benzheksoli nayo huwachanganya wazee wenye kusahau, na huwafungia choo na mkojo.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo chai. Chakula kikipita njia ya hewa, nimonia haiko mbali. Usimwachishe ghafla, lakini usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho na pakiti zote mkononi. Akipata homa na mwili ukawa mgumu kama ubao, hiyo ni dharura, mpeleke usiku huo huo.

Je, alikuwa akiona watu wasiokuwepo kabla ya dawa? Kama ndiyo, mwambie daktari. Kuna aina ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, iitwayo dimenshia ya miili ya Lewy, na kwa wagonjwa hao haloperidoli inaweza kuua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kundi hili la kutuliza akili huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 ikaongeza zile za zamani. Mgonjwa anayehatarisha maisha anaweza kuzihitaji, ila kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, na kuangaliwa upya kila wiki chache.

Mjukuu, Kariobangi
Dada, apimwe mkojo pia. Guka, babu yetu, alitupiga wiki mbili, kumbe alikuwa na maambukizi. Na akisema anaenda nyumbani, sisi tuliacha kubishana naye. Tunamwambia twende, tunywe chai kwanza.

Binti wa Umoja
Asanteni, nesi na kaka. Kabla ya dawa hakuwa akiona watu. Daktari mwingine amepunguza haloperidoli kwa nusu, na benzheksoli anaiondoa polepole. Mkojo ulikuwa na maambukizi kweli. Miguu bado anaiburuta, lakini uji mzito anaumeza vizuri akiwa ameketi wima.

Jana jioni alifunga leso tena. Nikamwambia ng'ombe wameshakamuliwa. Akaniuliza lita ngapi. Nikasema nane, akafungua leso akaketi.