MJADALA: Video za bure za kuprogramu, mbona vijana wanazimaliza na fomu ya kuingia inawashinda?

Wakuu, habari za jioni. Nina ofisi ndogo ya kutengeneza mifumo ya maduka na shule hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilitafuta kijana mmoja wa kunisaidia, wakaja saba. Wote wamejifunzia YouTube, na kwa hilo siwacheki, hata mimi PHP, lugha ya kuandikia mifumo ya tovuti, niliipatia hukohuko. Nikawapa kazi moja: andika fomu ya kuingia, jina na nywila, iunganishe na kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo. Intaneti ipo, tafuta unachotaka, ila video usifungue. Muda ni saa mbili. Walioweza ni wawili.

Hao watano si wavivu. Mmoja alinionesha kwenye simu orodha ndefu ya masomo ya PHP aliyoyamaliza. Tatizo amezoea kuandika anachokiona kikiandikwa. Mwalimu wa kwenye video akikosea anakata kipande, wewe unabaki kuona mkono usioteleza. Siku kompyuta yako ikitema mistari kumi myekundu, unarudisha video nyuma kutafuta nukta mkato uliyoiruka. Lile kosa lenyewe linakwambia ni mstari wa 14, lakini nani alikufundisha kulisoma?

Halafu video haziozi. Ile mysql_query tuliyoanza nayo, amri ya PHP ya kuulizia kanzidata, iliondolewa kwenye PHP 7 tangu 2015, na masomo yake bado yapo, vijana wanayafuata. Mmoja wa wale wawili alijua hilo, akatumia mysqli iliyochukua nafasi yake, ila jina la mtumiaji akaliunga moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, kama kwenye masomo ya zamani. Nikaandika kwenye kisanduku cha jina ' OR 1=1 # nikaingia bila nywila, maana 1=1 ni kweli siku zote, na baada ya # mfumo hausomi tena, hata nywila haiulizwi. Akashika kichwa. Dawa yake ni ya siku nyingi: amri unaiandaa kwanza, data unaipitisha kivyake. Uiuzie shule mfumo wa namna ile uone kama mtoto wa kidato cha tatu hatajirekebishia alama.

Mimi nasema video iwe kitoweo, ugali utafutwe kwingine. Nipingeni.

Mchangiaji wa 1: Mkuu unawaonea. Nimesoma diploma, mtihani wa lugha ya C tuliufanya kwa kalamu kwenye karatasi. Hiyo karatasi ilitema kosa gani? Pointa, zile anwani za data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nilikuja kuzielewa kwa David Malan wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye kozi yake ya video ya CS50, bure kabisa, na kila wiki kuna mazoezi ambayo programu inakusahihishia. Bila hizo video ningekuwa nauza vocha.

Mchangiaji wa 2: Bure ya wapi? Niko Songea. Ukiweka ubora wa video 360 maandishi ya msimbo hayasomeki, ukipandisha 720 bando linakata kabla ya somo la pili. Nilihamia kwenye nyaraka za Python, lugha nyingine ya kuprogramu, unazipakua mara moja, umeme ukikatika unasoma mpaka betri ife. Kiingereza chake kinachosha, nakubali, lakini hata hizo video wengi wanaongea Kiingereza, tena mbio.

Mchangiaji wa 3: Mleta mada, hujasema ulikuwa unalipa shilingi ngapi. Maana wenye uwezo wao hawaji kwa nauli.

Mleta mada: Hapo umenishika, ni nauli na chakula cha mchana, miezi mitatu ya kwanza. Ndugu wa CS50, soma tena ulichoandika: umetaja mazoezi wewe mwenyewe. Wangapi wanaangalia mihadhara ile na mazoezi hawayagusi? Ila la karatasi sina jibu, nami niliwahi kuandika hivyo hivyo. Wa Songea, wewe ningekuajiri.

Yule kijana wa kushika kichwa nimemchukua. Nimempa mfumo wa duka wenye makosa sita niliyoyapanda kwa makusudi, hakuna video yake popote. Jana saa tano usiku kanipigia, kapata la nne. Mke wangu hajafurahi.

Mchangiaji wa 4: Mkuu, huo mfumo wenye makosa sita uweke hapa na sisi tujipime. Ila majibu usitoe.