Samaki wa 3D yuko puani, sauti iko darini: spika nizipangeje?

BabaPacha: Wakuu salaam. Nimepata TV ya mtumba ya inchi 50 yenye 3D, ile ya miwani ya betri, na homu thieta ya spika tano na sabufa. Sebule ni mita 4 kwa 3.5, chini vigae, kochi liko mita 2.7 kutoka kwenye TV. Fundi alizipigilia spika nne kwenye kona, juu kabisa, watoto wasizifikie. Taarifa ya habari haina shida. Ila ukivaa miwani, samaki anakuja mpaka puani, sauti yake inatokea juu ya pazia. Mama watoto anasema bora tuwashe redio. Ya kati nimeisimamisha mezani mbele ya TV. Halafu tangu juzi miwani inakatakata picha, nimebadilisha betri wapi! Nianzie wapi?

Waya_Mweusi: Pole mkuu, fundi kakupangia baa. Nami nilikaa hivyohivyo mwaka mzima nikilaumu TV.

Shusha kwanza za mbele zifike usawa wa masikio ukiwa umekaa. Spika haiwezi kumfuata samaki mpaka puani, lakini sauti ikitokea upande aliko na kimo chake, sikio halibishi. Kwa mita zako 2.7, ziachane mita 2.2 hadi 3.1, yaani digrii 22 mpaka 30 kila upande wa TV, ukipima kutoka ulipokaa. Mimi ningebana, maana kioo cha inchi 50 hakifiki hata mita 1.2 kwa upana.

Za nyuma zisikae kisogoni. Ziweke ubavuni, zirudi nyuma kidogo, kama digrii 110 kuhesabu kutoka TV ilipo. Hizo acha juu ya kichwa futi mbili hivi, wanao hawazifikii. Kisha ingia kwenye menyu ya homu thieta uandike umbali wa kila spika kutoka kochini, ili mashine isawazishe muda wa sauti kufika. Sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa mita, sasa za ubavuni zikiwa mita 1.5 na za mbele mita 3, za ubavuni zinawahi.

Mama_Kidoti: Na hivyo vigae, kaka, tandika zulia kati ya kochi na TV. Sabufa nayo msiitupe kona tu. Mimi niliipandisha kwenye kochi, nikapiga wimbo wenye besi, nikatambaa sakafuni kama mtoto. Pale besi iliposikika safi bila kuvuma ndipo nilipoiweka. Jirani alichungulia, sijui alifikiria nini.

Kijana_wa_Rimoti: Hiyo spika ya kati imeziba ukingo wa chini wa TV? Miwani nyingi za betri hupokea mwanga usioonekana kutoka hapo, kama rimoti. Ukiuziba, inapoteza mapigo ya mwanga yanayoiongoza iende sawa na picha.

BabaPacha: Dah! Nimeilaza kwenye rafu ya chini, nikaiinua uso kidogo kwa kipande cha ubao. Miwani imetulia. Za mbele nazishusha Jumamosi, fundi nimemwambia aje na ngazi yake. Kutambaa nitasubiri watoto walale.