Binti ana disleksia, yuko Gredi ya 8 Malindi: tumchagulie sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) ya aina gani?

Mama Binti, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nauliza walimu na wazazi wanaolijua jambo hili kwa undani. Binti yangu ana miaka 14, yuko Gredi ya 8 katika shule ya umma hapa Malindi, na tathmini imethibitisha ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Ukimsomea somo la sayansi atakueleza lote, tena kwa mpangilio. Mpe kitabu asome mwenyewe: Kiswahili atakwenda polepole lakini atafika, Kiingereza ataangalia herufi ya kwanza na kubahatisha zilizobaki. Hesabu za namba tupu anaziweza, zile za maelezo marefu ndizo zinazomkwamisha.

Mwakani tunachagua shule za Gredi ya 10. Babake anataka shule ya bweni yenye jina, mimi naegemea ya kutwa, na shangaziye aliye Amu (Lamu) yuko tayari kumpokea. Shule hupimwa vipi kwa mtoto kama huyu? Na muda wa ziada kwenye mtihani hupatikanaje?

Mwalimu wa mahitaji maalum, Kilifi

Wa aleikum salaam, mama. Anza na makaratasi, kwa sababu hayo ndiyo yanayochelewa. KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 30 kwa kila karatasi, lakini ombi hupitia shuleni, likiambatana na ripoti ya tathmini. Mkuu wa shule aliyomo sasa anatakiwa awe na nakala kabla usajili wa KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, haujaanza. Mara nyingi ripoti hukaa kabatini nyumbani, ikija kutolewa usajili umeshafungwa.

Isome ripoti yenyewe pia. Inayosema tu "ana shida ya kusoma" haitamsaidia. Inafaa itaje kasi yake ya kusoma, aina ya makosa anayofanya, tahajia yake, na tofauti kati ya anachokielewa akisikiliza na anachokielewa akisoma. Kiswahili kipimwe peke yake na Kiingereza peke yake. Tofauti hiyo ya kusikiliza na kusoma ndiyo hoja yenu kuu ya kuomba msaada. Ikiwa haimo, rudi EARC, kituo cha tathmini ya elimu; ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza. Wanaohitaji uchunguzi wa ndani zaidi hupelekwa KISE, taasisi ya elimu maalum iliyo Kasarani, Nairobi. Ambatisha na majibu ya hospitali ya kupimwa macho na masikio, asije mtu akasema mtoto anahitaji miwani tu.

Halafu kuna alama. Nafasi ya Gredi ya 10 hutolewa kwa kuangalia KJSEA asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Hizo za shuleni zinafanyika sasa hivi, kwa hivyo mwombe mwalimu wa darasa aanze kumwongezea muda sasa. Kuna sababu nyingine: nusu saa ya ziada ina mafunzo yake. Mtoto asiyeizoea huitumia kuandika upya jibu lililokuwa sawa kwa hati nzuri zaidi. Mfundisheni aigawe. Dakika 10 za kwanza asome kila swali mara mbili na kupigia mstari neno la agizo (eleza, linganisha, taja), na 20 za mwisho arudi kwenye maswali ya maelezo marefu.

Mwalimu wa lugha, Amu

Naongeza upande wa lugha, hasa ikiwa huenda akaja huku kwa shangaziye.

Kiswahili kina irabu 5 na herufi zake hutamkwa vile vile karibu kila mahali. Kwa ajili hiyo disleksia hujificha ndani yake: mtoto hakosei sana, ila anachelewa, na maneno marefu humchosha. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44, na sauti moja huandikwa kwa njia nyingi, kwa hivyo huko makosa yanaonekana waziwazi. Shule ikikwambia "Kiswahili anasoma, Kiingereza anafanya uvivu", jua haijaelewa shida yenyewe.

Kwa Kiswahili, mkatieni maneno kwa penseli. "Hawakutuandikia" ukiliandika ha-wa-ku-tu-andik-i-a linasomeka. Maneno 5 au 6 kwa siku, yatoke kwenye kitabu cha somo la kesho, yanatosha. Kwa Kiingereza anahitaji kufundishwa sauti na herufi kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda ngumu, dakika 20 hadi 30, siku 4 au 5 kwa wiki. Tuisheni ya muda wa saa tatu Jumamosi, ya kurudia karatasi za mitihani iliyopita, haigusi tatizo. Inampa maandishi zaidi ya yale yale asiyoweza kuyasoma.

Sasa Amu. Hapa mtoto akiandika "mato" kwa macho au "ndia" kwa njia, ameandika Kiamu, lahaja ya huku, anachokisikia nyumbani na mtaani. Hilo halihesabiwi disleksia. Akiandika "mahco", au akaruka silabi nzima katikati ya neno, hilo ndilo la kuandikwa kwenye ripoti. Mwulize mwalimu wa Kiswahili wa shule mnayoitaka anasahihisha vipi imla. Asiyetenganisha mambo haya mawili atamwandikia binti makosa 15 ambayo 10 si yake.

Chuoni napo, yaani madrasa, kuna kipimo kizuri. Mtoto mwenye kumbukumbu huhifadhi sura ndefu kwa kusikia tu, na watu wakaamini anasoma. Mwombe ustadhi ampe mstari asiouhifadhi, wenye irabu zote juu na chini. Akikwama hapo ilhali sura za moyoni anazitiririsha, mnajua ni wapi pa kufanyia kazi. Nyumbani mtungie maneno yasiyo na maana, kama "ng'osapi", "mdhule" na "kirafubwe". Haya hawezi kuyabahatisha.

Mshauri wa shule, Malindi

Jina la shule na wastani wake wa alama havitakwambia lolote kuhusu binti huyu. Nenda siku ya masomo ya kawaida, wala si siku ya wageni, na utazame vitu vichache kwa macho yako.

Omba kuona daftari la biolojia au historia la mwanafunzi yeyote. Ukikuta kurasa kwa kurasa zilizonakiliwa ubaoni, binti atatumia kipindi kizima kuchora herufi na hatasikia mwalimu alichosema, nalo sikio ndilo analojifunzia. Tafuta shule ambayo walimu hutoa muhtasari uliochapishwa, au hukubali apigiwe fotokopi ya daftari la mwenzake. Uliza fotokopi hiyo inalipiwa na nani.

Halafu chumba cha kompyuta. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo kusomewa kwa mashine kutategemea kompyuta za shule. Usiridhike na jibu la "tunazo". Nenda na flashi yenye sura moja ya kitabu, waombe waifanye kompyuta isome kwa sauti mbele yako. Mara nyingi hapo ndipo mambo yanapokwama: faili ni picha za kurasa zilizoskaniwa, na programu ya kusoma haioni maandishi ndani ya picha. Lazima picha igeuzwe kwanza kuwa maandishi. Uliza pia chumba hufunguliwa saa ngapi, na kama spika za masikioni zipo.

Uliza nani amesomea elimu ya mahitaji maalum na ana vipindi vingapi vya kazi hiyo. Swali la kufuatia ni muhimu zaidi: akipewa uhamisho, nani anashika? Msaada uliomo kichwani mwa mwalimu mmoja huondoka naye. Ulioandikwa kama mpango wa mtoto, ukasainiwa na mkuu na kila mwalimu wa somo akapewa nakala, hubaki.

Na uliza wazi: mtoto akishindwa kusoma mbele ya darasa hufanywaje? Adhabu ya viboko imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini kuna kuaibishwa kusikoacha alama mwilini. Usikilize jibu, na utazame walimu wengine wanavyotazamana linapotolewa.

Kuhusu bweni: prepu ya usiku ni saa mbili za kusoma kimya, peke yake, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwake. Bila mtu wa kumsomea, hizo saa ni bure. Ya kutwa inampa jioni nyumbani, mtu akamsomea sura huku yeye akifuatisha kwa kidole. Mimi ningechagua kutwa, isipokuwa bweni limekubali kwa maandishi kumpa kompyuta au mwenzake wa kusoma naye wakati wa prepu. Amu kwa shangaziye ni sawa na kutwa, mradi shangazi ana saa moja kila jioni.

Mwalimu wa mahitaji maalum, Kilifi

Nakubaliana na hayo. Kuhusu mkondo wa masomo, msimsukume kwenye Sanaa na Michezo kwa sababu tu hasomi haraka. Anaelewa sayansi, basi STEM (mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) iwe wazi kwake. Hesabu za maelezo asomewe swali, kisha achore picha yake kabla ya kukokotoa. Ndani ya STEM kuna masomo ya ufundi, umeme, useremala, hata teknolojia ya bahari na uvuvi, ambayo sehemu kubwa ni kazi ya mikono. Si kila shule inayafundisha, kwa hivyo hakikisha kwanza kabla ya kuiandika kwenye fomu.

Mama Binti, Malindi

Allah awalipe kheri. Nimeuziwa wazo la miwani ya rangi na fonti maalum ya disleksia. Vina faida?

Mwalimu wa lugha, Amu

Pesa zako zibaki mfukoni, mama. Disleksia inatokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za maneno, macho hayahusiki. Miwani ya rangi haijathibitishwa kusaidia, na fonti hizo zilipojaribiwa hazikushinda za kawaida. Kinachowafaa baadhi ya watoto ni nafasi pana kati ya herufi na mistari, na hiyo unaipanga bure kwenye kompyuta: ukubwa 14, mstari mmoja na nusu.

Mshauri wa shule, Malindi

Na atakapopata nafasi, wiki ile ile ya kuripoti mpe mkuu mpya nakala ya ripoti, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Mtihani wa Gredi ya 12 una usajili wake, tena atakuwa katika shule nyingine, kwa hivyo ombi la muda wa ziada litaandikwa upya.