Rimoti moja ya vifaa vyote: wauzaji wanatuficha mambo ya msingi

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaandika nikiwa na hasira. Nimetoa shilingi 85,000 kununua rimoti ya kuprogramu ambayo muuzaji aliniapia kwamba ingechukua nafasi ya rimoti nne zilizojaa mezani, na kwa wiki tatu mama yangu hakuweza kutazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kuniita kutoka chumbani.

Niliipanga ili kitufe kimoja kiwashe televisheni, king'amuzi na amplifaya kwa kufuatana. Ukikibonyeza, vyote vinawaka, kisha amplifaya inazimika papo hapo. Ukibonyeza tena, amplifaya inawaka na vile viwili vinazimika!

Nilirudi dukani mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa betri. Nilinunua mpya kila mara, na kila nilipotoa za zamani rimoti ilisahau yote niliyoifundisha, nikaanza upya kitufe kimoja kimoja, rimoti mpya na ile ya kifaa husika zikiwa zimeelekezana mezani ili mpya inakili ishara. Betri hazikuwa na kosa lolote: nilipoielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, mwanga wa infraredi, ambao kwa macho hauonekani, ulimulika kila nilipobonyeza.

Chanzo nilikitafuta mwenyewe. Kitufe cha amplifaya yangu hutuma ishara ile ile kwa kuwasha na kwa kuzima, na rimoti ya infraredi hutuma tu bila kupokea jibu, kwa hiyo haina namna ya kujua kama kifaa kimewaka au kimezimwa. Televisheni nayo, kupitia waya wa HDMI, hutumia utaratibu uitwao CEC kuiamsha amplifaya mara tu yenyewe inapowaka, hivyo amri ya rimoti inapofika huikuta imeshawaka, ikaizima. Nilipozima CEC kwenye mipangilio, kitufe kilifanya kazi, lakini kwa televisheni yangu sauti ya programu za intaneti haifiki tena kwenye amplifaya, kwa sababu ARC, yaani njia ya kupeleka sauti kutoka televisheni hadi amplifaya kwa waya ule ule wa HDMI, nayo imezimika.

Kisichosameheka ni picha iliyo kwenye boksi. Imechorwa kisanduku cha kutazamia programu za intaneti kwenye televisheni, kama kile nilicho nacho, ilhali rimoti ya kisanduku hicho hutumia Bluetooth na hii niliyouziwa ina infraredi peke yake, kwa hiyo haitakiongoza hata nikiiprogramu mwaka mzima. Dukani wananiambia kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Ningejuaje bila kuifungua, wakati boksi halisemi na muuzaji hasemi?

Ninataka fedha zangu zirudishwe, na kesho ninakwenda dukani na risiti pamoja na boksi lenyewe. Wakati huo huo, ikiwa kuna mkuu aliyefanikiwa kupata msimbo wa kuwasha peke yake na wa kuzima peke yake kwa amplifaya yake, naomba aeleze aliupataje, ili niweze kuirudisha CEC.