Mrejesho: wazungumzaji wa maktaba wamepatikana

Wakuu, niliuliza hapa, maktaba yetu ya mkoa itawapata wapi wazungumzaji wa vipindi vya Jumamosi wakati bajeti ya posho hakuna. Aliyenijibu nianze na ofisi za umma, kwa kuwa kuelimisha wananchi ni sehemu ya kazi yao, Mungu ambariki. Tuliwaandikia RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) barua, akaja ofisa kueleza wosia, mirathi na vyeti vya kuzaliwa. Watu walijaa hadi barazani, na wazee ndio waliouliza zaidi (nilidhani watasinzia!). Zimamoto nao wakaonyesha namna ya kuzima moto wa gesi. Mtunzi wa hadithi niliyemwalika bado ananizungusha. Mada nyingine tunazitoa kwenye daftari la maswali pale kaunta. Sasa hivi mbolea inaongoza, kwa hiyo namfuata bwana shamba wa kata.